Slasha au mashine ya nyundo kwa trekta dogo? Maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye trekta dogo na shamba lililoshikwa na majani. Kwanza tuelewane majina. Slasha ni ile yenye visu viwili vinavyozunguka bapa chini ya bati, kama feni ya dari. Mashine ya nyundo, ambayo wauzaji huiita fleili au malcha, ina shafti nene iliyolala kwa upana wote wa mashine, na juu yake zimening'inia nyundo au visu vidogo vingi. Kama umewahi kuona kinu cha kusaga mahindi kikiwa wazi, na nyundo zake ndani, basi umeshaiona: ni kinu kile kile, ila hiki kinatembea shambani.

Nina trekta la hospawa 28 na eka 6 za michungwa. Majani ya ginia yasipokatwa miezi miwili yananifika kifuani. Muuzaji mmoja anataka nichukue slasha ya futi 4, mwingine mashine ya nyundo ya mita 1.25, ambayo ni ghali zaidi. Nichukue ipi?
Msomaji, Muheza

Anza na trekta, majani yatafuata. Hospawa 28 iliyoandikwa kwenye boneti ni ya injini. Inayofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ni kama 23 au 24. Slasha hula takriban hospawa 5 za PTO kwa kila futi ya upana, kwa hiyo futi 4 unaiendesha bila wasiwasi na inabaki akiba ya kupandia mwinuko. Mashine ya nyundo ina shafti nzito, kisha inakatakata jani moja mara kadhaa kabla ya kuliachia, hivyo hula zaidi: kwenye majani mepesi hesabu 5 hadi 6 kwa futi, kwenye vichaka 7 na kuendelea. Mita 1.25 ni futi 4 na kidogo. Kwa ginia ya kifuani trekta lako litakuwa limefika mwisho wa nguvu zake. Litafanya kazi, lakini kwa gia ya chini kabisa, na huenda ukapita mara mbili: mara ya kwanza mashine ikiwa juu, mara ya pili ikiwa imeshushwa.

Tazama na muda. Slasha ya mita 1.2 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, ukitoa kupishanisha njia na kugeuza, inamaliza karibu eka moja kwa saa. Mashine ya nyundo kwenye majani hayo hayo utaiendesha kilomita 2 hadi 2.5 kwa saa, upate zaidi kidogo ya nusu eka. Kwa eka 6 tofauti ni nusu siku nzima na dizeli yake.

Sasa upande wa pili. Slasha inakata jani mara moja au mbili, kisha inalilaza chini kwa mistari, nyuzi ndefu nzito zilizolaliana. Chini ya mistari hiyo majani mapya huchipua yakiwa dhaifu na ya njano, na kiangazi kikikaza unakuwa na kuni za kutosha kwa yeyote atakayepita na kipisi cha sigara. Mashine ya nyundo inayatoa vipande vifupi na kuyasambaza sawasawa kama matandazo. Yanaoza upesi, na ardhi chini yake inabaki na unyevu. Kwenye bustani ya matunda hiyo ni faida kubwa kuliko kasi.

Ushauri wetu kwako unategemea jambo moja: utaingia shambani mara ngapi? Ukikata kila wiki tano au sita, majani hayatazidi magoti, na hapo mashine ya nyundo ya mita 1.05 au 1.25 yenye visu vya Y ndiyo tungeichukua. Ukijijua kwamba utakata mara mbili kwa mwaka, wakati yameshakuwa msitu, nunua slasha na fedha inayobaki iweke kwenye dizeli. Tunaona watu wengi wakinunua mashine ya nyundo kwa kuwa inaacha shamba zuri siku ya maonyesho, halafu wanaipeleka kwenye kichaka cha miezi minane na kuilaumu kwa kuunguza mikanda.

Kabla ya kulipa, pima upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi ukingo wa nje wa tairi la pili. Mashine ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi litalaza majani pembeni nayo yatainuka tena kesho yake. Kwa michungwa omba mashine ya nyundo inayosogezwa pembeni kwenye fremu yake, ili ipite chini ya matawi huku trekta likibaki nje.

Visu vya Y na nyundo tofauti yake nini? Muuzaji anasema ni kitu kimoja.
Msomaji, Njombe

Si kitu kimoja. Visu vya Y ni vipande viwili vya chuma chembamba vilivyopeana migongo. Vinakata kweli, havitaki nguvu nyingi, na kwa majani na vijiti visivyozidi unene wa kidole gumba vinatosha. Nyundo ni chuma kizito kimoja kama kijembe kifupi, haikati, inapasua. Inavumilia jiwe dogo na matawi yaliyopogolewa, ila majani mabichi inayaacha yamechanika ncha, na inataka nguvu zaidi. Kwa maparachichi, ambako mizizi mingi ya kulishia mti iko juu juu na haro haipaswi kuingia kabisa, tungechukua Y kama matawi yaliyopogolewa yanatolewa nje, na nyundo kama yanasagwa humo humo. Mipira ya umwagiliaji wa matone iondoe au iinue kwenye mti kabla ya kuingia. Mpira mmoja ukivutwa unajizungusha kwenye shafti mpaka mwisho wa mstari, na kuukata kwa kisu ukiwa umelala chini ya mashine ni kazi ya asubuhi nzima.

Mashine yangu ya nyundo imeanza kutetemeka hadi usukani unatikisika. Fundi anasema ni beringi. Nimebadilisha beringi, bado.
Msomaji, Moshi

Beringi mara nyingi ndiyo inayoumia, lakini aliyeiumiza ni mwingine. Hesabu nyundo zako.

Fanya hivi. Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, subiri shafti isimame yenyewe (inaweza kuzunguka muda mrefu baada ya injini kuzimwa), inua mashine na uiweke juu ya magogo imara. Usitegemee haidroliki peke yake. Zungusha shafti kwa mkono taratibu na uguse kila nyundo: ipo? inacheza bila kukwama? inalingana urefu na jirani zake? Iliyopotea utaiona mara moja. Iliyokwama ndiyo inayodanganya watu. Kipande cha waya wa seng'enge au kamba ya katani hujifunga kwenye pini yake, nyundo inabaki imekunjwa, na shafti inakuwa imelemea upande mmoja.

Watu hudharau nyundo moja, kwa hiyo tupige hesabu. Nyundo ya gramu 600 iliyo sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 500. Ikikosekana, mvuto wa nyundo ya upande wa pili unabaki bila wa kuusawazisha, na unapigapiga beringi zako zaidi ya mara 30 kila sekunde. Beringi mpya haina dawa ya hilo.

Nyundo ikikatika, badilisha hiyo na mwenzake aliye upande wa pili wa shafti, hata kama mwenzake bado ana maisha. Nyundo mpya nzito ikikaa mkabala na iliyolika ni tatizo lile lile kwa kiasi kidogo. Zikiwa zimelika nyingi, badilisha seti nzima pamoja na bolti na nati zake za kujifunga. Nati ya aina hiyo ikishafunguliwa usiirudishe. Wapo wanaochomelea nyundo zilizolika ili kuzirefusha. Ukifanya hivyo bila kupima kila moja kwenye mizani, umejitengenezea mtetemeko kwa mkono wako.

Zote zikiwa sawa, tazama mambo matatu: tope lililokauka limeganda kwenye shafti, shafti yenyewe imepinda kwa kugonga kisiki, au mikanda. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukishuka kama sentimita moja umekaa vizuri. Mikanda hubadilishwa yote kwa pamoja, kwa sababu mpya ukiwekwa na wa zamani ndio unaobeba mzigo wote.

Nina MF 35 ya zamani na slasha. Nikikanyaga klachi, trekta haliachi kusukumwa mbele. Juzi nusura niingie kwenye ua.
Msomaji, Nakuru

Hilo ni jambo la hatari na dawa yake ni rahisi. Baadhi ya MF 35 zina klachi ya hatua moja: ukiikanyaga unatenganisha injini, lakini PTO na magurudumu bado vimeshikana ndani ya giaboksi. Visu vya slasha na sahani yake ni vizito na vinazunguka mara mia saba na kitu kwa dakika. Injini ikiachia, visu vinageuka kuwa injini: vinarudisha nguvu kwenye PTO, PTO inazungusha magurudumu, na trekta linakwenda huku umekanyaga klachi hadi chini.

Unahitaji klachi ya upande mmoja, kifaa kinachokaa kati ya PTO ya trekta na shafti ya slasha. Kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali gurudumu linaendelea peke yake bila kuizungusha miguu yako. Nunua cha shafti ya meno 6, inchi 1 na 3/8, ambacho ndicho kinachokaa kwenye matrekta mengi ya ukubwa huo. Mpaka kifike, usiitumie slasha karibu na ua, mtaro wala watu.

Kuna jambo wengi hulisahau hapa. Kifaa hicho kinaongeza kama sentimita 10 kwenye urefu, kwa hiyo shafti ya slasha lazima ikatwe. Usipoikata, siku ukiinua slasha mabomba yake mawili yatagota na kusukuma PTO ndani hadi ipasue beringi au giaboksi ya trekta. Unganisha slasha bila shafti, iinue na kuishusha polepole, utafute mahali ambapo umbali kati ya PTO na giaboksi ya slasha ni mfupi kuliko pote. Shika nusu mbili za shafti sambamba mahali hapo, zipunguze kwa kiasi sawa pande zote mbili, pamoja na plastiki za kinga, ukiacha nafasi ya sentimita 3. Kisha angalia mahali pa mbali zaidi: mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wao. Piga tupa makali ya ulipokata, paka grisi.

Mashine nyingi za nyundo zina friwili ndani ya giaboksi yake tayari, lakini uliza kabla ya kununua.

Nimenunua trekta la pili, na shamba langu la minazi lina mawe ya matumbawe. Nyumba ziko jirani. Ipi salama?
Msomaji, Kilifi

Kwa nyumba jirani, mashine ya nyundo. Ncha ya kisu cha slasha ya mita 1.5 inakwenda kama kilomita 220 kwa saa, na inazunguka bapa, kwa hiyo jiwe ikiligonga halina pa kwenda ila pembeni, mbali sana. Nyundo zinakwenda polepole zaidi, kama kilomita 150 kwa saa, ziko ndani ya bati, na rola ya nyuma inazuia sehemu kubwa ya kinachorushwa.

Kwa matumbawe yenyewe, mashine ya nyundo italika haraka. Kwa hiyo ipandishe: sentimita 10 juu ya ardhi, hata 12 pale mawe yanapochomoza, na ukubali shamba lisilofanana na uwanja wa mpira. Makuti na vifuu viokotwe kwanza. Mgongo wa kuti ni mgumu na nyuzi zake hujifunga kwenye ncha za shafti, palepale beringi zilipo.

Ukilazimika kutumia slasha, funga minyororo mbele na nyuma, mizima, isiyokosa pingili. Watu na mifugo wakae mita 100 kutoka unapokata. Na hakuna mtu wa kukaa kwenye madigadi, hata akiwa mwenye shamba.

Nataka kukata majani ya malisho ya Boma Rhodes ya kufunga hei. Kati ya hizi mbili, ipi?
Msomaji, Uasin Gishu

Hakuna. Zote mbili zinalikata jani vipande, na vipande vifupi vinapita kwenye vidole vya bela, mashine ya kufunga hei, vikabaki chini. Mashine ya nyundo tena inafyonza vumbi na udongo na kuvichanganya na chakula cha ng'ombe. Hei inataka jani likatwe mara moja chini, lilale zima. Tafuta mashine ya meno ya mkasi, ambayo hata trekta dogo sana linaiendesha, au ya ngoma ikiwa una hospawa za kutosha. Ngoma ya mita 1.65 isipewe trekta la chini ya hospawa 40. Slasha yako ibaki ya kusafisha mipaka.

Slasha yangu inaacha majani yakiwa na ngazi ngazi, na nyuma inasaga tu. Visu nimevinoa kama wembe.
Msomaji, Morogoro

Wembe hauhitajiki. Kisu cha slasha kinakata kwa kasi yake. Makali ya unene wa milimita moja na nusu yanatosha, na yakiwa membamba zaidi yanajikunja kwenye kisiki cha kwanza. Tatizo lako linafanana na mlalo. Egesha mahali tambarare, zima, toa ufunguo, weka magogo, na upime kutoka ncha ya kisu hadi chini: mara moja kisu kikielekea mbele, mara moja kikielekea nyuma. Mbele iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 2 hivi. Urefu wa mbele unaupata kwa mikono ya trekta, wa nyuma kwa gurudumu la mkia. Nyuma ikiwa chini, kisu kinayakata tena majani yaliyokwisha kukatwa, na nguvu yote inaishia huko. Mashine ya nyundo haitaki mwinamo huu: yenyewe ilazwe sawa, ikae juu ya rola yake.

Jambo la pili ni mzunguko. PTO izunguke 540 kamili, usome kwenye dashibodi, usikisie kwa sikio. Ukipunguza mafuta ili kuokoa dizeli, visu vinavuta majani badala ya kuyakata. Mlio wa injini ukianza kuzama, shuka gia, usipunguze mafuta. Na kama trekta lako lina PTO ya kasi mbili, hakikisha mkono haujakaa kwenye 750 au 1,000.

Ukivinoa, vipime vyote viwili kwenye mizani ya duka na ukisage kilicho kizito mgongoni, upande usiokata, mpaka vilingane. Gramu 100 zilizozidi karibu na ncha ya slasha ya mita 1.5 zinavuta kama mzigo wa kilo 50. Visu vya springi ya lori vinavyotengenezwa mtaani vinaweza kufaa, lakini fundi akivichoma hadi viwe vyekundu kisha akavitumbukiza kwenye maji, vinakuwa vigumu na vikavu kama kioo. Kisu kizuri kikigonga jiwe kinapinda. Hicho kinavunjika, na kipande kinaruka.

Bolti ya kukatika ya slasha inakatika kila siku. Nimeweka kipande cha nondo, sasa imetulia. Nimekosea?
Msomaji, Lindi

Umekosea. Bolti ile ni laini kwa makusudi, ife badala ya giaboksi. Nondo ikishinda, kitakachokatika ni msalaba wa shafti, kile kiungo kinachoiwezesha kukunjika, au jino la gia, na hivyo havipatikani kwa fundi wa baiskeli. Rudisha bolti laini ya ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine na ununue kumi za akiba. Chunguza kwa nini inakatika kila siku: mara nyingi ni kuwasha PTO injini ikiwa juu. Washa kwenye mizunguko ya injini kama 1,000, acha visu vijinyooshe, ndipo uongeze. Sababu nyingine ni kuinua slasha juu mno ikiwa inazunguka hadi misalaba inakunjika kupita kiasi. Chini ya mikorosho, ambako visiki vya zamani vimefichwa na majani, pita kwanza kwa miguu na uviwekee alama kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Kama slasha yako ina klachi ya kuteleza, yenye sahani zinazoteleza mzigo ukizidi, badala ya bolti, usifurahi mapema. Ikikaa nje msimu mzima wa mvua, sahani zake hushikana kwa kutu na kuwa kipande kimoja, sawasawa na nondo yako. Kila mwanzo wa msimu piga mstari wa rangi ukivuka sahani zote. Legeza nati za springi kwa mizunguko miwili kila moja, ukihesabu. Washa PTO kwa sekunde mbili au tatu, zima, na usubiri kila kitu kisimame. Mstari ukiwa umekatika, sahani zimeteleza: kaza nati kwa mizunguko ile ile miwili, uingie kazini. Ukiwa bado mzima, ifungue, sugua kutu kwa msasa, na ukikuta vitambaa vyake vimelika hadi kwenye ribiti, badilisha kabla ya kuirudisha.